Jumba la Picha Lisilo na Mlango

Wakaao mijini wana majumba ya picha. Huko Nairobi, kwa mfano, nyumba iliyojengwa mwaka 1913, ambayo zamani ilikuwa ofisi ya Mkuu wa Jimbo, siku hizi ni jumba la sanaa, na ndani yake mna vitu alivyovikusanya Joseph Murumbi, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Mtu huingia, huitazama picha ukutani, husoma jina la aliyeichora, kisha hutoka amepata elimu kidogo. Sisi wa Mbulu na Hanang tu mbali na nyumba za namna hiyo, na mara nyingi twawasikia walimu wenzetu wakinung'unika kwamba watoto wetu hukua bila kuona picha ila zile za vitabuni na za simu. Manung'uniko hayo yana kweli, lakini si kweli yote. Jumba la picha tunalo karibu, nalo ni kongwe kupita yote ya mijini. Ila halina mlango, wala paa zaidi ya jiwe lenyewe.

Twanena habari za miamba ya Kolo. Mtu atokaye Mbulu hushuka kwa njia ya Dareda mpaka Babati, naye atokaye Katesh hufika Babati vilevile. Kisha wote hushika barabara ya kusini iendayo Kondoa, wakapita Bereko, hata wakafika Kolo. Hapo pana ofisi, ambapo mgeni hulipa kiingilio na kupewa mtu wa kumwongoza. Mwaka 2006 UNESCO iliiandika miamba ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na eneo lake lote ni kilomita za mraba 2,336. Tulikwenda huko pamoja na wanafunzi wetu, tukapanda kilima kwa miguu.

Tuseme kwanza juu ya picha zenyewe, maana yampasa mhakiki atazame kabla ya kunena. Nyingi ni nyekundu. Watu wamechorwa warefu, wembamba kama mabua ya mtama, na vichwa vyao vina umbo la ajabu, hata usijue kama ni nywele zilizotengenezwa au ni kitu kilichovaliwa. Wako na wanyama: tembo, twiga, pofu. Mchoraji hakutaka kuonyesha kila unywele. Kwa mstari mmoja wa mgongo ametupa uzito wa mnyama mzima, na kwa kuinamisha shingo kidogo ametujulisha kwamba anakwenda. Kujua la kuacha ndio ustadi mkubwa, na wengi wenye rangi za dukani hawajaupata.

Mahali pamoja pana watu watano, na yule wa katikati ameshikwa mikono kutoka pande mbili. Mary Leakey, aliyezinakili picha za Kondoa mwaka 1951 na kutoa kitabu juu yake mwaka 1983, alidhani kuwa ni mwanamke anayetekwa. Wengine wamedhani ni ngoma au ibada. Sisi hatukuja kuamua shauri hilo. Twasema tu kwamba miili ile imeegemea kwa namna ambayo mtazamaji huhisi mvuto katika mabega yake mwenyewe, na hiyo ni dalili ya kazi njema. Picha nyeupe ni za nyuma zaidi, nazo huhesabiwa kuwa kazi ya wakulima. Mistari yake ni minene, na pengine zimepakwa juu ya zile nyekundu. Kwa ustadi hazizifikii, nasi hatutasema uongo kwa ajili ya adabu.

Basi tulipokuwa tumesimama pale, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona hapana jina la mchoraji?" Kabla hatujajibu, mwenzake akasema, "Labda walichora Wazungu. Watu wa zamani hawakujua kitu." Wenzao wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa tulifahamu neno lile alilitoa wapi: alilisikia nyumbani, na pengine darasani, vinywani mwetu.

Wataalamu wengi huzihesabu picha nyekundu kuwa kazi ya wawindaji, watu waliokula nyama ya porini, mizizi na asali. Huwataja mababu wa Wasandawe, na wengine huwataja Wahadzabe pia. Jina la mchoraji hatuwezi kulitaja, wala hatuwezi kuapa kwamba alikuwa wa kabila hili au lile. Lakini namna ya maisha yake twaijua, maana ingaliko katika bonde la Yaeda, ndani ya wilaya ya Mbulu yenyewe. Na katika shule zetu mtoto wa Kihadzabe huitwa mtu wa porini, asiye na ng'ombe wala shamba, kana kwamba kukosa ng'ombe ni kukosa akili. Wahenga wamesema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Aliyechora pofu yule alikuwa na jicho, subira na mkono ulio hodari kuliko yetu sisi tunaofundisha kuchora.

Kasoro moja ya jumba hili haina budi kutajwa. Picha zinafifia. Jua na mvua vyafanya kazi yake, lakini na watu wafanya yao: mmoja humwaga maji ili rangi ing'ae apate kupiga picha, mwingine hugusa, mwingine hukwaruza jina lake. Ya jua hatuyawezi. Ya mikono twayaweza.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu wa Mbulu na Hanang wawapeleke watoto Kolo, tena wawatayarishe kabla ya safari. Wafundishwe kusimama mbali na jiwe, kutazama kimya, na kuchora katika daftari walichokiona. Na akiwamo mtoto wa Yaeda, asiwekwe nyuma ya msafara. Atembee mbele, karibu na kiongozi, wenzake wamwone.