Kugeuka au Kupinduka? Uhakiki wa Fasiri za ‘Tipping Point’ katika Kiswahili

Mfasiri anayeiandika ‘tipping point’ kuwa ‘hatua muhimu’ huhifadhi uzito wa istilahi hiyo lakini hupoteza maana yake. Mwaka 1957, mtaalamu wa siasa Morton Grodzins aliitumia dhana hii kueleza utengano wa rangi katika miji ya Marekani: familia za Weusi zikifikia kiwango fulani mtaani, Wazungu waliobaki huhama kwa kasi. Kitabu cha Malcolm Gladwell cha mwaka 2000 kiliieneza kwa umma. Wanasayansi wa tabianchi nao huitumia kuhusu barafu ya Greenland. Kiini ni kimoja: ongezeko dogo likifikia kikomo fulani, badiliko hujiendesha lenyewe, na aghalabu ni vigumu kulirudisha nyuma.

‘Hatua muhimu’ haibebi kiini hicho. Tena hudokeza mafanikio, hivyo onyo huweza kusomwa kama pongezi. ‘Kizingiti’ kinakaribia, ila katika lugha ya sera kimezoeleka kumaanisha kikwazo cha kuondolewa.

‘Kiwango cha kupinduka’ kinafaa zaidi. Chombo kilichosheheni huinama kidogo kidogo, kisha gunia moja hukipindua. Kauli ya kutendeka nayo ina kazi: kupindua kunadai mtendaji, kupinduka hakumdai. Udhaifu wa istilahi hii ni ukaribu wake na ‘mapinduzi’, na ugumu wa kuitumia kwa mabadiliko ya heri. Hata hivyo, mshauri wa sera hunufaika zaidi na istilahi inayomtahadharisha mapema kuliko ile inayomliwaza.