Sauti za Kiingereza katika gemu za Kijapani: mfano wa Yakuza

Mfululizo wa gemu za Yakuza, unaotengenezwa na Sega, umepita karibu kila njia ambayo gemu ya Kijapani inaweza kupita katika suala la sauti inapouzwa nje ya Japani. Gemu ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 2005, iliingia Marekani Septemba 2006 ikiwa na sauti za Kiingereza pekee. Za Kijapani ziliondolewa. Ya pili ilifika mwaka 2008 na sauti za Kijapani, huku tafsiri ya Kiingereza ikisomwa kwenye manukuu chini ya skrini. Mambo yakabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 10, mpaka Judgment ya mwaka 2019, tawi la mfululizo huohuo, iliporudisha Kiingereza bila kukiondoa Kijapani.

Jaribio la 2006 halikukosa fedha wala vipaji. Mark Hamill, aliyeigiza Luke Skywalker katika Star Wars, alimpa sauti mhusika Goro Majima. Michael Madsen na Eliza Dushku nao walikuwamo. Hamill hasa ni bingwa wa kazi hii, si mtu maarufu aliyebandikwa jina kwenye kasha. Lakini hadithi inafanyika Kamurocho, mtaa uliobuniwa kwa kufuata Kabukicho ya Tokyo, na inasimama juu ya tofauti za vyeo: nani anamwinamia nani, nani anajibu kwa upole uliojaa kitisho. Maandishi ya Kiingereza yalijaza matusi mahali pa tofauti hizo, mazungumzo yakafanana na filamu ya majambazi wa Marekani. Kosa lilianzia kwa mwandishi kabla waigizaji hawajafika studio, na mchezaji hakuwa na pa kukimbilia kwa kuwa sauti za asili hazikuwamo kwenye diski.

Kuingiza sauti huanza na jedwali kubwa. Kila mstari una namba ya faili la sauti, jina la mhusika, maneno ya Kijapani, maneno ya Kiingereza, urefu wa sauti ya asili kwa sekunde, na, mtayarishaji akiwa mwangalifu, maelezo mafupi ya kinachotokea wakati huo. Tafsiri ya manukuu haitoshi kwa kazi hii. Sentensi inayosomeka vizuri inaweza kuuzidi muda ambao mdomo wa mhusika unasogea, au ikaisha mapema na kumwacha mtu anachezesha mdomo kimya. Kwa hiyo mwandishi wa pili huandika upya: anapunguza, anarefusha, anahamisha neno zito lilingane na pale uso unapokunjamana. Mwigizaji huingia kibandani kwa kawaida peke yake, akisikia Kijapani masikioni, wakati mwongozaji nje ya kioo anamweleza jinsi mwenzake kwenye mazungumzo alivyosema au atakavyosema. Ugomvi mkali wa watu wawili unaweza kuwa umerekodiwa katika wiki tofauti, na asiyejua hatagundua, ikiwa mwongozaji aliijua kazi yake.

Gharama inafuata vipindi hivyo vya studio. Kwa viwango vya SAG-AFTRA, chama cha waigizaji wa Marekani, kipindi kimoja cha saa 4 kilikuwa kinalipwa zaidi ya dola 800 hata kabla ya 2020, na hapo bado studio, mwongozaji na fundi wa sauti. Mhusika mwenye mistari mitatu tu anahitaji mtu wa kuisema, ndiyo maana mwigizaji mmoja hupewa wahusika kadhaa wadogo katika kipindi kimoja. Gemu fupi yenye wahusika 10 inavumilika. Gemu za hadithi ndefu, ambazo ndizo nyingi miongoni mwa gemu za Kijapani zenye wapenzi wachache, zina umati wa watu na maelfu ya mistari, wakati nakala zitakazouzwa si nyingi. Bajeti ya sauti inaweza kuipita ile ya tafsiri yenyewe.

Hoja kwamba sauti za Kiingereza huchelewesha gemu ina ukweli nusu. Yakuza 5, isiyo na Kiingereza cha kusikiliza hata kidogo, ilitoka Japani Desemba 2012 na kufika nje Desemba 2015. Judgment, yenye lugha zote mbili, ilichukua miezi 6 hivi. Lost Judgment ya Septemba 2021 na Infinite Wealth ya Januari 2024, za mfululizo huohuo, zilitoka dunia nzima kwa wakati mmoja, zote na Kiingereza. Kilichobadilika ni mahali kazi inapoanzia: badala ya kungoja gemu ikamilike Japani, watafsiri waliingia ikiwa bado jikoni. Kampuni ndogo inayonunua haki za gemu iliyokwishauzwa Japani haina nafasi hiyo, na kwake kila mwezi wa studio unaongezeka juu ya miezi ya tafsiri. Kuna pia njia ya katikati: Like a Dragon Gaiden, nayo ya mfululizo huu, ilitoka Novemba 2023 bila sauti za Kiingereza, zikaongezwa kwa sasisho Desemba.

Uamuzi bora zaidi wa Judgment hauonekani kwenye tangazo lolote. Gemu hiyo ina manukuu ya Kiingereza ya aina mbili. Anayesikiliza Kiingereza husoma maneno yaleyale yanayosemwa. Anayesikiliza Kijapani husoma tafsiri iliyokaa karibu na Kijapani, isiyobanwa na mwendo wa midomo. Gemu nyingi hutumia manukuu ya sauti za Kiingereza kwa wote, na mwenye kuchagua Kijapani akaishia kusoma sentensi zilizopindwa kwa ajili ya mdomo asioutazama. Kuandika mara mbili kunaongeza kazi, lakini ni kazi ya maandishi, ambayo ni nafuu kuliko saa za studio.

Sauti zina faida moja ambayo manukuu hayawezi kuifidia. Kwenye mapigano au mhusika anapokimbia mitaani, macho na vidole vimeshughulika. Maneno yanayopigwa kelele wakati huo mara nyingi hayana manukuu kabisa, na yakiwa nayo hayasomeki. Asiyejua Kijapani hupoteza mizaha, maonyo, wakati mwingine hata dokezo la udhaifu wa adui. Kama fedha ni chache, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya maonyesho marefu ambamo mchezaji amekaa anasoma kwa utulivu.

Tatizo kubwa la mfululizo ni kwamba sauti ikishaanza huwa deni. Kazuma Kiryu, shujaa wa Yakuza, amekuwa na sauti moja ya Kijapani tangu 2005, ya Takaya Kuroda. Kwa Kiingereza alianza na Darryl Kurylo, akanyamaza kwa miaka, akarudi na Kurylo huyohuyo mwaka 2020, kisha akapewa Yong Yea. Mfululizo wa Trails wa kampuni ya Falcom umevurugika zaidi. Trails of Cold Steel ilipata sauti za Kiingereza mwaka 2015, lakini baadhi ya maonyesho yalikuwa na wahusika wanaosema kwa sauti huku shujaa, Rean, akijibu kwa maandishi matupu. Toleo la kompyuta la 2017 likaongezewa maelfu ya mistari kuziba mapengo. Kisha Trails from Zero na Trails to Azure, gemu za 2010 na 2011 zilizofika rasmi kwa Kiingereza mwaka 2022 na 2023, zikaja na sauti za Kijapani tu, ingawa wahusika wake wakuu walikuwa wameshasikika kwa Kiingereza katika sehemu za baadaye za hadithi. Kuzipa sauti gemu mbili za zamani namna hiyo kusingelipa, na NIS America, iliyozitoa kwa Kiingereza, ilifanya hesabu sahihi, hata kama masikio ya mashabiki yalilazimika kuhama lugha katikati ya safari.

Sega yenyewe haikuchukulia kurudi kwa sauti za Kiingereza kuwa amri ya kudumu. Like a Dragon: Ishin!, iliyotoka nje ya Japani Februari 2023, inasimulia habari za samurai wa miaka ya 1860 kwa lafudhi za majimbo na adabu za zamani, na iliuzwa na sauti za Kijapani pamoja na manukuu, kama Yakuza ya pili ilivyouzwa mwaka 2008.