Rangi ya Waya Haitoshi: Kufunga Redio Mpya Kwenye Toyota ya Japani

Toyota iliyotumika Japani, iwe IST ya Dar es Salaam au Probox ya Nairobi, mara nyingi hufika na redio nzima isiyofaa huku. Tatizo ni masafa. Redio za FM za magari ya Japani ya miaka ya 2000 zilitengenezwa kupokea megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vya Afrika Mashariki viko kati ya 87.5 na 108. Clouds FM ya Dar, kwenye 88.5, inaingia. Capital FM ya Nairobi, kwenye 98.4, haiingii kabisa.

Dawa ya haraka ni kile kijisanduku kinachopachikwa kwenye waya wa antena, ekspanda, ambacho hushusha masafa kabla hayajafika kwenye redio. Kikishusha megahezi 12, Capital FM husomeka 86.4. Hesabu hiyo hiyo, hata hivyo, inagota kwenye 102: Classic 105, iliyo kwenye 105.2, ingeangukia 93.2, mahali ambapo redio hiyo haifiki. Ndipo wengi huamua kununua redio mpya, na wachache wenye moyo huamua kuifunga wenyewe. Uamuzi huo ni mzuri. Kazi yenyewe iko ndani ya uwezo wa mtu yeyote mwenye subira na mita ya umeme. Asiye na mita bora asianze.

Kung'oa redio ya zamani si kazi kubwa. Spana namba 10 inatoa kichwa hasi cha betri, kisha mtu anasubiri angalau sekunde 90, muda ambao Toyota yenyewe inautaka ili mifuko ya hewa ya usalama isije ikalipuka. Fremu ya dashibodi imeshikwa na klipu, nayo huvutwa kwa kipande cha plastiki, kwa maana bisibisi huacha makovu yasiyofutika. Nyuma ya fremu kuna boliti, kwa kawaida nne, za spana ile ile. Redio ya Toyota ina upana wa milimita 200 na nyingi za dukani zina 180, hivyo kila upande hubaki nafasi ya milimita 10 inayozibwa kwa vipande vya plastiki.

Kwenye waya ndipo penye kazi.

Nyuma ya redio ya Toyota hutoka plagi mbili kuu, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Redio za dukani zina desturi yao ya rangi: njano ni umeme wa kudumu kutoka betri, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa, nyeusi ni hasi. Toyota nayo ina yake. Umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa ufunguo ni kijivu, hasi ni kahawia. Nyeusi na njano za Toyota ni waya mbili za spika ya nyuma kushoto. Anayeunganisha njano kwa njano na nyeusi kwa nyeusi ameifunga redio kwenye spika badala ya betri, na redio haitawaka.

Kutowaka ni salama. Kibaya ni kijivu na kijani. Kijivu cha redio ya dukani ni chanya ya spika ya mbele kulia, na kijani ni chanya ya spika ya nyuma kushoto. Kwa Toyota, kijivu ni umeme wa ufunguo na kijani ni umeme wa taa za dashibodi. Rangi zikikutanishwa kwa kufanana, ufunguo ukigeuzwa volti 12 zinasukumwa ndani ya amplifaya kupitia njia ya kutolea sauti, na taa zikiwashwa zinasukumwa nyingine. Amplifaya ndogo iliyomo ndani ya redio inaweza kuungua hapo hapo, na mwenye gari akadhani ameuziwa kitu kibovu.

Kwa hiyo kila waya upimwe kabla ya kuunganishwa. Redio ikiwa imechomolewa, betri hurudishwa kwa ajili ya vipimo. Waya unaoonyesha volti 12 na zaidi kidogo hata ufunguo ukiwa umetolewa ndio wa kudumu. Unaosoma sifuri na kupanda ufunguo unapogeuzwa ndio wa ufunguo. Unaopanda taa ndogo zinapowashwa ni wa dashibodi. Zikikosewa hizi mbili za kwanza, adhabu huja polepole: njano na nyekundu zote zikiwekwa kwenye ufunguo, redio husahau vituo na saa kila gari linapozimwa, zote zikiwekwa kwenye umeme wa kudumu, redio iliyosahauliwa usiku huimaliza betri.

Spika hupimwa kwa ukinzani, betri ya gari ikiwa imetolewa tena. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4 hivi kwenye mita. Ili kujua ni ya mlango upi, mafundi wa zamani hugusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwa sekunde moja: spika husema "tuk", na koni ikisukumwa nje, waya ulioguswa na chanya ndio chanya. Hili si jambo dogo. Spika moja ikigeuzwa, koni zinasukumana kinyume, besi inapotea, na mtu anaanza kulaumu redio.

Kuna imani moja ya hatari: kwamba hasi ya spika inaweza kufungwa popote kwenye bodi ya gari. Kwenye redio za sasa waya zote mbili za spika zinabeba umeme. Redio ikiwa imewashwa, kila mmoja ukipimwa dhidi ya bodi husoma karibu nusu ya volti za betri, takriban 6. Kuugusisha mmoja na bodi ni kuipiga amplifaya shoti. Udogo wa volti za gari unaeleza pia maandishi ya "50W x 4" kwenye boksi. Kwa volti 14.4 za gari linalounguruma na spika za omu 4, sauti safi haiwezi kuvuka wati 26 kwa kila spika hata kwa hesabu ya karatasi. Hizo 50 ni kilele cha kupita.

Viungo navyo vina hadithi. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu hushika siku za mwanzo, kisha joto la dashibodi la Dar au Mombasa huyeyusha gundi na tepu hufunguka. Kiungo kilehemiwe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na viungo vya waya jirani visikae usawa mmoja.

Ekspanda ya zamani lazima itolewe. Ikiachwa, 98.4 itafika kwenye redio mpya kama 86.4, chini ya 87.5 inapoanzia. Na redio yenye skrini ikiwa na waya wa breki ya mkono, ufungwe kwenye breki ya mkono kweli. Kuupeleka moja kwa moja kwenye bodi ili video icheze gari likitembea ni kuhatarisha abiria na wapita njia.

Anayekwenda kwa fundi amwombe jambo moja: asikate plagi ya Toyota. Kuna plagi za kati zinazoingia kwenye ile ya gari bila kisu, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya redio. Plagi ikibaki nzima, redio yoyote ijayo itafungwa bila kubahatisha, na anayenunua gari hilo baadaye atakuta waya zilizoachwa na kiwanda.