Kinachobaki Ndicho Kinacholinda

Kwenye pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia mdomo wa mto Ruvuma, ukapita Palma na Mocímboa da Praia hadi visiwa vya Quirimbas, maji matamu hayapatikani hivi hivi. Sehemu kubwa ya ardhi ni mchanga na mawe ya matumbawe. Mvua huzama upesi, na huko chini maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukichota kupita kiasi, chumvi inapanda. Ukichimba choo karibu na kisima, mawe yale yenye matundu hayazuii kitu. Ndiyo maana anayeyatunza maji ya watu hapa, akayafanya yanyweke leo na kesho, namhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa wa pwani hii.

Kutunza maji si jambo geni kwetu. Waliojenga misikiti ya mawe ya pwani ya Waswahili, kama ile ambayo magofu yake yako Gedi, walichimba kisima na kujenga birika la udhu papo hapo. Lamu wakatia samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu. Madrasa zetu za Kishafii zimefundisha kizazi baada ya kizazi kwamba maji yaliyofikia kulataini, ambayo kwa makadirio ya wengi ni kama pipa la lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka rangi, ladha au harufu yake igeuke. Hiyo ni elimu ya watu walioyachunguza maji kwa jicho, ulimi na pua, na kwa twahara inatosha. Lakini kwenye maji ya kunywa kuna adui asiyeonekana, asiyeonjeka, asiyenuka.

Adui huyo alijitokeza mwaka 2019. Tarehe 25 Aprili Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, kikaingia bara kati ya Mocímboa da Praia na Macomia. Visima vilifurika, vyoo vikabomoka, na mwanzoni mwa Mei kipindupindu kikatangazwa. Vita vya waasi vilivyoanza mkoani humo Oktoba 2017 vilikuwa vimekwisha kuwang'oa watu makwao, na viliendelea kuwang'oa. Wakakimbilia Pemba, Metuge, Ibo, na kwa jamaa popote walipokuwa, hata kisima cha kijiji kimoja kikawa cha kunyweshea vijiji kadhaa. Katika hali hiyo, mtu mwenye chupa ya klorini na kipimo mkononi ana uhai wa watoto mikononi mwake.

Tazama anavyofanya kazi. Hupanga ndoo nne za plastiki za lita 20, zote zimejazwa kutoka kisima kimoja. Ndoo za chuma hazitaki, maana klorini hula chuma na kipimo kikadanganya. Kwa bomba la sindano hutia dawa iliyochanganywa kwa asilimia 1: ndoo ya kwanza mililita 1, ya pili 1.5, ya tatu 2, ya nne 2.5. Hukoroga, hufunika, hungoja nusu saa. Kisha huchota maji kidogo ya kila ndoo, huyatia katika kikasha cha kupimia, hudondosha kidonge na kutikisa. Maji ya ndoo ya kwanza huenda yasigeuke hata kidogo, kwa kuwa dawa yote imemalizwa na uchafu. Ya pili yana wekundu wa kubahatisha. Ya tatu yanageuka waridi hafifu, na fundi hukiinua kikasha kwenye mwanga akailinganisha rangi ile na rangi za pembeni. Anachotafuta ni klorini baki ya kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Akiipata, amepata kipimo cha kisima kile, kwa siku ile. Mvua ikinyesha usiku na maji yakaamka na tope, anaanza upya.

Njia hii ina asili yake kwa William Horrocks, daktari wa jeshi la Uingereza, aliyebuni namna ya kupima dawa ya maji kwa ajili ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Hesabu yake ni nyepesi. Mililita 2 za dawa ile katika ndoo ni miligramu 1 kwa lita. Ikibaki 0.4, ujue 0.6 zimekwisha kutumika kuua vijidudu na kuunguza uchafu. Hiyo iliyobaki ndiyo mlinzi wa zamu: itasafiri na ndoo hadi nyumbani, itakutana na kata iliyowekwa chini na vidole vya mtoto aliyetoka kucheza. Ufundi wote uko hapo. Anayemwaga dawa kwa kukisia hajui kama ameacha mlinzi au ameacha ndoo tupu ya ulinzi.

Kanuni hiyohiyo inatawala mabwawa ya kuogelea ya hoteli za visiwani. Wengi wakisikia harufu kali ya dawa bwawani huamini maji ni safi mno. Kumbe mara nyingi harufu ile ni ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo wa waogaji, na nguvu yake imepungua sana. Yakiwa maji ya moto, klorini hupotea upesi zaidi, kwa hiyo mtunzaji hulazimika kupima mara kwa mara. Hata chupa ya dawa iliyoachwa juani dukani hudhoofika kabla haijafunguliwa. Pua haiwezi kushika nafasi ya kipimo.

Wala ufundi huu haudharau ya zamani. Utafiti ulioongozwa na Rita Colwell huko Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa kitambaa kikuukuu cha sari kilichokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa huo hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini na kitambaa huvinasa. Capulana, yaani kanga ya Msumbiji, ikiwa kuukuu na kukunjwa, ni chujio zuri la kuanzia. Maji yakitangulia kuchujwa, klorini haipotezi nguvu kwenye tope.

Kipo kiungo kisichouzwa kwenye chupa, nacho ni kuaminiwa. Tarehe 7 Aprili 2024, katika mkoa jirani wa Nampula, chombo kilichojaa kupita kiasi kilizama kikitoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Watu zaidi ya 90 walikufa, na viongozi wa mkoa walisema wengi wao walikuwa wakikimbia kwa uvumi wa kipindupindu. Kwingine wahudumu wa afya wameshambuliwa kwa kudhaniwa kwamba wao ndio wanaoleta ugonjwa. Fundi mzuri hulijua hilo. Hatii kitu kisimani kwa siri. Huwaita wazee, akina mama na mwalimu wa madrasa, huwapa kikasha wakaiona rangi wenyewe, huwaeleza kwa lugha yao, na hunywa kabla yao.

Kwa hiyo nasema ufundi huu upewe hadhi yake. Kila kisima cha pwani hii kinastahili kuwa na kikasha cha kupimia na watu wawili watatu wa hapohapo wanaojua kukitumia, wanaolipwa na kuheshimiwa hata katika miezi ambayo hakuna ugonjwa. Miezi hiyo ndiyo ushahidi wa kazi yao. Dawa huletwa na meli na malori, lakini kipimo hakiletwi na mtu: hutafutwa kisimani kila siku, na mwenye subira ya kukitafuta.