Taji la Parma na aliya ya Gatwekera

Kawangware na Lavington zimepakana kabisa, lakini ukivuka tu, nyama iliyokaushwa inabadilika cheo. Supamaketi za upande ule zinauza prosciutto di Parma: paja la nguruwe, chumvi ya bahari, hewa na miezi mingi ya kungoja. Pakiti ina taji la ncha tano. Tangu 1996 Umoja wa Ulaya unalilinda jina hilo, na nyama isiyokaushwa kwenye vilima vya Parma hairuhusiwi kulitumia.

Sisi tuna aliya. Wajaluo hukata nyama ya ng'ombe vipande virefu, huitia chumvi na kuianika juani hadi ikauke. Siku ya kupika huchemshwa, kisha hukaangwa na samli. Mimi huila Gatwekera, huko Kibera, kwa kibanda cha mathe anayeletewa mzigo na basi la usiku kutoka nyumbani. Prosciutto inayeyuka mdomoni, sikatai. Aliya inataka meno, na ukiitafuna ndipo ladha inazidi kutoka. Kwa ugali moto, mimi siulizi ya Italia.

Sasa kuna wale wanaosema aliya nayo ipewe taji. Si Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi? Hasira yao naielewa. Menyu ya hoteli kubwa huandika jina la Parma kwa heshima, halafu aliya inaitwa tu "nyama kavu".

Lakini angalia taji linavyofanya kazi. Mwaka 2003 mahakama ya Ulaya ilikubali kwamba hata kukata na kufunga ile ya pakiti kunaweza kulazimishwa kufanyika Parma kwenyewe. (Nguruwe mwenyewe anaruhusiwa kutoka mikoa mingine ya Italia. Ajabu, eh?) Leta masharti hayo huku, uchore ramani ya Siaya na Homa Bay, na siku mathe akianika nyama yake juu ya mabati ya Gatwekera atakuwa anauza feki. Yaani walioibeba aliya hadi Nairobi ndio watakaonyimwa jina.

Ulaya hiyo hiyo ina muhuri mwingine, unaolinda mbinu badala ya mahali. Pizza ya Napoli iliupata 2010, na unaweza kuipika popote ukifuata utaratibu. Huo ndio ningeutaka: chumvi, jua, samli. Basi likitoka Siaya na kushukisha mzigo Nairobi alfajiri, ndani bado ni aliya.