Lita 52 Tu, na Matumbawe Yamefunguka!

Nianze na taa ya buluu, maana hata nikijitia utulivu wa mchambuzi wa vifaa, taa hiyo ndiyo iliyonimaliza. Zima taa ya sebule. Gusa kitufe kilicho juu ya tangi, weupe uondoke, ubaki ubuluu. Kile kipande cha tumbawe ambacho mchana kutwa kilikuwa kahawia tu, hakina hata cha kusifia, ghafla kinawaka kijani kama kalamu ya kung'arishia maandishi, na katikati ya kila kijimdomo kuna chungwa la moto. Jamani! Hakuna umeme humo ndani. Ni protini zilizo katika mwili wa mnyama mwenyewe: zinameza mwanga wa buluu na kuutoa tena ukiwa kijani au mwekundu. Mimi ni mtu wa pwani. Maji yakipwa nimetembea juu ya miamba tangu nikiwa mtoto, na jambo hili sikuwahi kuliona mpaka nilipohamia Reading, Uingereza, mji usio na bahari.

Sanduku lililofanya kazi hiyo linaitwa Fluval Evo, la lita 52, bidhaa ya kampuni ya Hagen ya Kanada. Madukani si jipya, ila kwangu ni jipya, na haya ninayoyaandika ni ya mtu ambaye chumvi bado haijamkauka mikononi. Mwakani huenda nikawa na maneno mengine. Leo nasema: kama umewahi kutamani, nunua.

Msisimko huu una sababu. Kwa miaka mingi, kufuga matumbawe nyumbani kulikuwa mambo ya watu wenye tangi kubwa, mapipa na mabomba chini ya kabati, na mfuko mnene wa kuvilisha vyote hivyo. Hata hivyo, fikra iliyorahisisha kazi ni ya zamani. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika katika jarida la Marekani la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyowatunza viumbe wa baharini kwa kutumia mawe yaliyotoka mwambani na viputo vya hewa, bila mitambo ya ajabu. Mawe yenyewe, yakiwa na bakteria kila tundu, ndiyo yaliyosafisha maji. Tangi langu dogo ni fikra ile ile, imevishwa kioo safi na kufungwa plagi.

Na limevishwa vizuri! Pembeni lina utepe wa vijitundu mithili ya sega la nyuki unaoficha usawa wa maji, kwa hiyo ule mstari mbaya wa maji kupungua hauonekani. Nyuma kuna chumba kilichotengwa, nacho kina sifongo, mfuko wa kaboni, vipande vya kauri vya kukalisha bakteria, na pampu inayorudisha maji mbele. Mgeni akiketi kwenye kochi haoni waya wala bomba. Juu kuna mfuniko wenye kidirisha cha kulishia, na mfuniko huo usiudharau: samaki wengi wadogo wa mwambani huruka wakishtuka, na zulia halina maji. Hita haimo kwenye boksi, utainunua kando na kuificha kule nyuma. Ongeza pia pampu ndogo ya mawimbi. Tumbawe halitembei, kwa hiyo chakula lazima kiletwe na mkondo na uchafu uondolewe na mkondo.

Sasa maji. Reading maji ya bomba yana chokaa nyingi, birika linaota ukoko kila wiki, na maji ya namna hiyo hayafai. Unahitaji maji yaliyochujwa kwa RO, yaani kusukumwa kupitia utando mwembamba, hadi yanabaki maji matupu, kisha unayatia chumvi ya bahari ya kutengeneza, kiasi cha gramu 35 kwa kila lita. Tangi hili linameza karibu kilo 1.8 za chumvi siku ya kwanza. Chumvi ya mezani haifai kabisa, maana bahari si sodiamu na kloraidi peke yake: kuna kalsiamu, magnesiamu na mengine ambayo tumbawe linayatumia kujijengea mifupa. Pima chumvi kwa rifraktometa, lenga uzito wa 1.025 au 1.026 ukilinganishwa na maji matupu, na joto la nyuzi 25 au 26. Vile vipimo vya plastiki vyenye mshale sivipendi. Kama fedha haitoshi kwa vyote, kopa rifraktometa ya jirani kabla ya kuamini mshale.

Kisha unangoja. Hapa ndipo uchangamfu wa mtu unapopimwa, kwa sababu tangi limejaa, taa inawaka, mawe yamepangwa na mapango mazuri, na ndani hakuna hata kiumbe mmoja wa kuangalia. Lakini kazi kubwa inaendelea. Unatia chanzo kidogo cha amonia, bakteria wa kundi la kwanza wanaigeuza kuwa nitraiti, wa kundi la pili wanaigeuza nitraiti kuwa nitrati. Amonia na nitraiti huua, nitrati kidogo haina ubaya. Kwa kawaida shughuli hii huchukua wiki kadhaa, na bakteria wa chupa huweza kuiharakisha. Amonia na nitraiti zikisomeka sifuri, tangi liko tayari. Halafu linakuja vumbi la kahawia juu ya mchanga, halafu mwani wa kijani, na wewe unadhani umeharibikiwa. Hujaharibikiwa. Tia konokono wa Trochus wachache na kaa wadogo wanaoishi ndani ya makome, uwaachie kazi.

Haya, matumbawe! Sisi wa pwani tumeyajua zaidi kama mawe. Kuta za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa matumbawe, chokaa yake imechomwa kutokana na matumbawe. Sebuleni unayaona yakiwa hai: kila moja ni kundi la wanyama wadogo, polipi, kila polipi na mdomo wake na minyiri yake, na ndani ya nyama yao wanaishi viumbe wa chembe moja jamii ya mwani, wanaotumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenye nyumba. Mpangaji analipa kodi kwa chakula. Ndiyo maana taa ni uhai, na ndiyo maana joto likizidi kwa muda mrefu tumbawe huwapoteza wapangaji wake, likabaki jeupe na njaa. Mwaka 1998 pwani ya Afrika Mashariki iliona hayo kwa ukubwa wa kutisha. Katika lita 52 utayaona wakati wa kiangazi cha Uingereza, nyumba zisizo na kiyoyozi zinapogeuka tanuri, kwa hiyo feni ndogo ya kupuliza juu ya maji iwe karibu.

Ukienda dukani, macho yatakimbilia Acropora, yale yenye matawi ya zambarau na ncha za buluu. Yageuze macho. Hayo yanataka mwanga mkali na maji yasiyotikisika, na tangi changa la lita 52 hutikisika hata ukilitazama vibaya. Anza na laini. Uyoga wa jamii ya Discosoma hukaa popote, hata kivulini, hupanuka mpaka ukajaa jiwe. Nyota za kijani, zile zenye mkeka wa zambarau chini, zinapofunguka zote kwa pamoja na mkondo ukazilaza upande mmoja, mtu mzima unasimama na kikombe cha chai mkononi mpaka kinapoa. Lakini zipande kwenye jiwe la peke yake, la sivyo zitatambaa hadi kwenye kioo. Halafu kuna Capnella, ambayo wauzaji wa huku wanaiita mti wa Kenya. Niliposikia jina nilinunua bila kuuliza bei! Ni kijiti chenye matawi ya kijivu na waridi, hakivutii sana kwenye picha, lakini huyumba kwa namna inayofanya tangi zima lionekane lina pumzi, na hujidondoshea vitawi ambavyo vinaota kwingine vyenyewe. Ndani ya mwaka utakuwa unawagawia marafiki.

Zoa, zile polipi ndogo zenye rangi za khanga, nazipenda kuliko zote, nazo ndizo za kuogopewa. Baadhi yake, hasa jamaa zao wa Palythoa, zina palitoksini, sumu kali mno. Mwaka 2018 familia nzima huko Oxfordshire, jirani na huku kwetu, ililazwa hospitali baada ya tumbawe la namna hiyo kutolewa tangini na kusafishwa ndani ya nyumba. Kwa hiyo: glavu, miwani, usizikate bila kujua unachofanya, na kamwe, kamwe usichemshe jiwe lenye polipi wala kulimwagia maji moto. Ukiziacha kwenye maji yake na ukanawa mikono, mtaishi kwa amani.

Tumbawe gumu moja nimejiruhusu: nyundo, la jamii ya Euphyllia, lenye minyiri ambayo kila ncha yake imekunjika kama kichwa cha nyundo. Hilo ndilo nililoliweka katikati, na hilo ndilo wageni wanalolinyooshea kidole. Usiku hurefusha minyiri mingine myembamba na kumchoma jirani aliyelikaribia, basi liachie nafasi ya kiganja kila upande. Kwa ajili yake ninapima alkalini kila wiki na kuilenga kati ya dKH 8 na 9, na kalsiamu isishuke sana chini ya miligramu 400 kwa lita. Kwa idadi hii ya matumbawe, kubadilisha lita tano za maji kila wiki kunarudisha karibu kila kinachotumika. Hakuna mashine ya kudondosha dawa, hakuna hesabu za kuumiza kichwa.

Kuhusu asili ya vipande hivi nina msimamo, na sitaulainisha. Nunua vilivyokatwa na kukuzwa kwenye matangi. Vipo tele, vimeshazoea taa na chumvi za namna hii, na havikung'olewa mwambani. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha 2 cha mkataba wa CITES, maana yake kuyavusha mpaka kunadai vibali. Ndugu yangu unayerudi kutoka Nungwi au Watamu, kipande ulichokiokota ufukweni kiache huko huko.

Samaki wanakuja mwisho, nao wawe wachache. Jozi ya Amphiprion ocellaris, wale wa chungwa wenye mikanda myeupe waliopata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya 2003, inatosha kulijaza tangi kwa visa. Wote huzaliwa madume. Mkubwa wa jozi ndiye hugeuka jike, na akifa, mume aliyebaki hugeuka kushika nafasi yake. Nunua waliozalishwa kwenye matangi, jambo ambalo Martin Moe wa Florida alilifanya kibiashara tangu miaka ya 1970, kwa hiyo hakuna udhuru. Ukitaka wa tatu, mtafute samaki mdogo wa mchangani wa jamii ya Stonogobiops na kamba anayeitwa Alpheus randalli. Kamba haoni vizuri, anachimba pango siku nzima huku kipapasio chake kimoja kikimgusa samaki mgongoni, na samaki anasimama mlangoni akilinda. Hatari ikija anatikisa mkia, wote wanaingia. Hakuna tamthilia ya televisheni inayonishika hivyo!

Kangaja wa buluu, yule wa kwenye filamu hiyo hiyo, hapana. Hufikia sentimita 30. Wala usimwote Cirrhilabrus wakanda, samaki wa zambarau aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2019 kutokana na miamba ya kina kirefu ya Zanzibar, ingawa mimi namwota kila siku, na nimeshaweka picha yake kwenye simu mahali ilipokuwa picha ya shemeji yangu.

Malalamiko? Taa ya sanduku hili inawaka au inazimwa, haipungui nguvu polepole kama jua la magharibi, hivyo nimeichomeka kwenye plagi ya saa. Maji huvukika kila siku na chumvi hubaki, kwa hiyo kila asubuhi unajazia maji matamu yaliyochujwa, ukisahau siku mbili tatu chumvi inapanda na polipi zinajifunga. Ukoko mweupe wa chumvi unatambaa kwenye kingo na kitambaa lazima kiwe karibu. Na lita 52 ni chache: kosa ambalo tangi kubwa lingelimeza bila kutingishika, hapa linaonekana jioni ile ile.

Kwa anayepanga bajeti, mpangilio wangu ni huu: mashine ya RO kwanza, kisha rifraktometa, hita nzuri na vipimo vya amonia na alkalini, ndipo tangi, ndipo mawe. Vipande vya matumbawe vinunuliwe kimoja kimoja, kila kimoja kipewe wiki mbili za kufunguka kabla ya kinachofuata. Kona yangu ya kulia bado iko wazi. Mke wangu anataka zoa zaidi, mimi nataka tumbawe la Duncan lenye polipi kubwa za kijani zinazokamata kamba waliogandishwa ukizipelekea kwa bomba la sindano. Jumamosi tunakwenda dukani, na kwa kuwa fedha ni zake, nadhani ni zoa.