Neno na Kinywa: Juu ya Nyimbo za Lutumba Simaro

Wasomaji wengine watashangaa kuona jina la mpiga gitare katika gazeti la waseminari. Watasema kwamba pahali pake ni nganda, si hapa. Tunawaomba uvumilivu kidogo. Wakristu wetu wa Kamina, wale wa misioni na wale wanaokaa karibu na gare, wanajua nyimbo za mtu huyu kwa moyo kuliko nyimbo nyingi tunazowafundisha kanisani. Tena nyimbo zake ni za Lingala, na wao nyumbani wanasema Kiluba na Kiswahili. Jambo la namna hii halitokei bure, na anayetunga nyimbo za kanisa sharti ajiulize sababu yake.

Lutumba Simaro alizaliwa Léopoldville tarehe 19 Machi 1938. Mwaka 1961 aliingia katika OK Jazz, orkestra ya Franco Luambo, akashika gitare ya kufuatisha. Franco alipokufa tarehe 12 Oktoba 1989, Simaro ndiye aliyewaongoza waliobaki. Kiisha, katika miaka ya 1990, alianzisha Bana OK pamoja na wenzake. Alikufa Paris tarehe 30 Machi 2019. Watu walimwita Poète, yaani mtunga mashairi, na jina hilo lilimfaa kwa sababu moja ambayo wengi hawaiangalii: hakuwa mwimbaji. Alitunga maneno pamoja na sauti yake, kisha akamtafuta mtu wa kuyaimba. Wimbo wa Mabele, mwaka 1974, alimpa Sam Mangwana. Maya, mwaka 1984, alimpa Carlyto. Testament ya Bowule, mwaka 1986, alimpa Malage de Lugendo. Yeye mwenyewe alisimama nyuma na gitare yake.

Sisi watu wa Katanga hatukuzoea desturi hiyo. Mzee wetu wa gitare ni Mwenda wa Bayeke Jean-Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Mwenda alikuwa mtunzi, mpigaji na mwimbaji, vyote katika mtu mmoja. Neno likimshinda, alinyamaza kidogo akaacha vidole vyake viseme. Hakuna aliyeona kasoro, maana vidole vile vilikuwa na maneno mengi. Lakini mtu anayempa mwenzake neno lake hana kimbilio hilo. Neno likiwa bovu, mwimbaji analijua mara moja ulimini mwake: anajikwaa, pumzi inamwishia katikati ya sentensi, analimeza neno lililo kubwa kuliko mengine. Kwa hiyo mtunzi wa namna hii sharti ajue kinywa cha mwenzake kama fundi wa nguo anavyojua mabega ya mtu anayemshonea.

Ndipo tunapoona ubora wa Simaro. Hakugawa nyimbo zake ovyo kwa yeyote aliyekuwa karibu. Sauti ya Mangwana ni safi na nyepesi, inatamka kila silabi. Ndiyo maana fikara nzito kama zile za Mabele hazikumlemea. Mwimbaji wa kulia-lia angeugeuza wimbo ule kuwa maombolezo tu, na watu wasingefikiri kitu. Maya ulitaka kinywa kingine, cha kijana anayesihi, akaupata kwa Carlyto. Tunadhani kwamba Simaro alisikia sauti ya mtu kwanza, ndipo akaandika. Hilo ni wazo letu. Lakini msomaji akizisikiliza nyimbo hizo moja baada ya nyingine, tunaamini atafika pahali palepale.

Tena aliheshimu wakati wa neno. Kila mtu anajua namna rumba yetu inavyokwenda: kwanza sehemu ya polepole, ndipo inakuja sebene, gitare zinashika kazi na watu wanaruka. Watunzi wengi wanaifanya sehemu ya kwanza kuwa mlango tu wa kuingilia katika mchezo. Kwa Simaro sehemu hiyo ndiyo nyumba. Anairefusha, anamwacha mtu aseme shauri lake mpaka mwisho, na wachezaji wanangoja. Wanangoja kweli! Sisi tunaohubiri dakika kumi na tunaona watu wanageuza shingo kutazama saa, tungefaa kujiuliza namna gani anaweza kuwashika hivyo watu waliokuja kunywa bia.

Sasa tuangalie nyimbo zetu. Mara nyingi desturi ni hii: korali inataka wimbo mpya, mtu analeta sauti aliyoisikia kwenye redio au katika kitabu cha wazungu, kisha maneno yanasukumwa chini yake kama mizigo chini ya kiti cha treni. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kila mtoto anasema Mwo-KO-zi. Lakini kanisani anaimba Mwo-ko-ZI, kwa kuwa noti ndefu imeangukia pale. Katika Kiluba kosa ni baya zaidi, maana Kiluba kina sauti ya juu na sauti ya chini, na ukipandisha silabi inayotaka kushuka, unaweza kutamka neno jingine kabisa. Wazee wanasikia, wanainamisha kichwa, hawasemi kitu kwa heshima ya padri. Lingala nayo ni lugha ya kupanda na kushuka. Kwa hiyo Simaro alikuwa na shida ileile tuliyo nayo sisi, ila yeye aliifanyia kazi.

Mtu asidhani kwamba ubaya ni kuazima sauti. Mtakatifu Efremu wa Edesa, aliyekufa mwaka 373, aliona watu wanapenda nyimbo za wafuasi wa Bardesane, na mafundisho yao mabaya yanaingia pamoja nazo. Mapokeo yanasema alizichukua sauti zilezile akatia maneno ya imani, akawapa wanawake wa Edesa waziimbe. Naye pia, basi, aliandika kwa ajili ya vinywa vya wengine! Lakini Efremu alihesabu silabi za kila mstari. Sisi tunaazima, na kuhesabu tunawaachia wapiga ngoma.

Na hapa Kamina tusisahau mfano ulio wetu. Missa Luba ilitokea hapa, mwaka 1958, kwa kazi ya Padri Guido Haazen, Mfransisko, na vijana na walimu aliowakusanya chini ya jina la Troubadours du Roi Baudouin. Maneno yalikuwa ya Kilatini, hakuna aliyeweza kuyageuza hata herufi. Vijana walitafuta, wote pamoja, sauti ya kwao inayofaa kila sehemu. Kyrie waliitia katika namna ya kasala, wimbo wa maombolezo. Mtu asiyejua Kilatini alisikia kasala na kufahamu kwamba hapa mtu analia mbele ya mkubwa wake. Ndivyo inavyotokea hata na nyimbo za Simaro kwetu: mama wa soko la Kamina hajui kila neno la Lingala, lakini anajua pahali gani pa wimbo mtu anasihi na pahali gani amekata tamaa. Sauti inamfundisha neno. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema kwamba katika inchi za misioni muziki wa watu wenyewe upewe heshima yake. Tena ulitaka maneno ya nyimbo takatifu yatoke zaidi katika Maandiko na liturjia. Sehemu ya kwanza tumeipokea kwa shangwe na ngoma. Ya pili tumeiacha nusu njiani.

Hatutaki kumfanya Simaro kuwa mtakatifu. Amelia juu ya mapenzi kupita kiasi, hata msikilizaji anachoka na machozi. Pengine anapanga mithali juu ya mithali na shauri halisogei, kama mzee kwenye baraza aliyesahau kesi. Hata orkestra yake haikuwa na mikono misafi: mwaka 1978 Franco alitiwa gerezani kwa ajili ya nyimbo za matusi, na serikali ile, yenye makosa yake mengi, haikukosea kuziita matusi. Lakini tulinganishe na desturi ya mabanga iliyoenea baadaye, ambayo mwimbaji anapokea feza ili ataje jina la tajiri katikati ya wimbo. Pale neno limeuzwa. Wimbo unaweza kuanza na shida ya mjane na kuishia na majina ya wafanyabiashara, na hakuna anayeona haya. Katika nyimbo kubwa za Simaro neno bado lina mwenyewe.

Linabaki shauri la matanga. Katika vilio vyetu vijana wanaleta vipaza sauti, na usiku Mabele inapigwa. Mapadri wengine wanataka kuikataza. Sisi hatuoni hivyo. Mabele maana yake ni ardhi, udongo, na wimbo huo unamfikiri mtu aliye udongo, anayependa na kufa. Kila mwaka, Jumatano ya Majivu, tunaweka neno hilohilo juu ya vipaji vya nyuso za watu. Hatumdai mpiga gitare katekisimu nzima. Amefika mpaka kaburini, na amefika kwa maneno yaliyo sawa. Kutoka pale kwenda mbele ni kazi yetu. Na shida ni hapo: katekista akisimama baada ya wimbo ule na kuanza wimbo wa ufufuko uliotafsiriwa vibaya, silabi zake zote zimevunjika, watu waliofika kaburini na Mangwana hawawezi kutoka pale pamoja naye.

Kwa hiyo tunawaomba waseminari wenye kipaji waiache gitare kwanza. Wachukue zaburi moja ya marehemu, waiseme kwa Kiluba au kwa Kiswahili mbele ya mwimbaji mmoja wanayemjua, mama wa korali ambaye sauti yake inapendwa kijijini. Wamsikilize pahali anapovuta pumzi, wabadilishe, wamrudishie tena. Kazi hiyo inaweza kuchukua mwezi mzima kwa beti nne. Usiku wa matanga tutaacha Mabele iishe, ndipo mama yule ataanza.